Filamu ya mnadani: maswali tunayoulizwa kila mara

Mswada wa filamu hii tumeusoma kwa sauti mahali pengi: kijiwe cha bodaboda Chang'ombe, nyuma ya kanisa, chini ya mwembe wa ofisi ya mtendaji, na mara moja ndani ya Coaster iliyotuharibikia kabla ya kufika Mbande, abiria wakiwa hawana pa kwenda. Kila tukimaliza tunaulizwa, na maswali sasa yanajirudia. Nimeyaandika hapa na majibu yake. Mimi ndiye niliyeandika mswada. Penye "sisi" ni kikundi kizima, penye "mimi" lawama ni zangu.

Inahusu nini, kwa kifupi?

Ni siku ya mnada katika mji mdogo wa barabarani, upande wa Kongwa, mkoani Dodoma. Mzee ameuza madume mawili ya ng'ombe. Saa nne asubuhi anajipapasa, pesa hazipo. Anapiga yowe. Wakati huohuo kijana ambaye hakuna anayemjua anakimbia kuelekea barabarani. Robo saa baadaye amekufa. Hapo ni dakika ya 22. Filamu yote iliyobaki ni ya kutafuta nani kamuua, katika mji ambao watu mia tatu walikuwepo na hakuna aliyeona kitu.

Inaitwaje?

Bado tunabishana. Watu wameshazoea kuiita "ile ya mnadani", huenda ikabaki hivyo hivyo.

Ni tukio la kweli?

Hapana. Hata mji haupo kwenye ramani. Maghala yake ya mahindi tumeyaazima Kibaigwa, moshi wa nyama choma tumeuazima mnada wa Msalato, mibuyu na udongo mwekundu unaupata popote kuanzia Mvumi hadi Bahi. Hatukutaka kuchukua msiba wa familia fulani na kuupaka rangi. Wenye msiba bado wanaishi, na wauaji bado wanawauzia nyanya.

Lakini hatukuota. Mtu wa kanda ya kati akisikia habari ya filamu hii, kwanza anakumbuka Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao, walikuwa kwenye kazi ya kukusanya sampuli za udongo. Ukaenea uvumi kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa na miili yao ikachomwa moto. Mimi nilichoshindwa kukisahau ni huo udongo. Watu walikufa kwa kuchota kitu ambacho kila mwenye nyumba pale anakifagia asubuhi.

Tungeweza kutumia mumiani. Tulikataa, kwa sababu mtazamaji wa mjini angepata pa kukimbilia: angesema hao ni washamba, mambo ya kishirikina hayo, akaendelea na bisi zake. Tukaweka wizi. Wizi hakuna anayeucheka.

Kwa nini mnayachukia maneno "wananchi wenye hasira kali"?

Swali hili linatoka kwa waandishi wa habari zaidi, na wanakuja nalo wameshajikunja kidogo. Hebu isomeni wenyewe ile habari, sote tunaijua kwa moyo: mtu mmoja anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 20 hadi 25, ambaye jina lake halikuweza kufahamika mara moja, ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba. Aliyekufa hana jina. Waliomuua hawana jina. Kitu pekee kinachojulikana kwa uhakika ni hali ya moyo wao. Tena imepimwa ukali.

Nimefanya kazi ya kuandika habari kidogo, najua ilivyo: dakika zimekwisha, kamanda kasema hivyo, unaandika hivyo. Lakini maneno yale yakirudiwa miaka na miaka yanafanya kazi ya kuficha. Ukisema "wananchi" umemtaja kila mtu, kwa hiyo hujamtaja mtu. Ukisema "hasira" umeshatoa utetezi kabla kesi haijafunguliwa.

Kwa hiyo kazi ya filamu hii, ukiniuliza, ni kuyafumua maneno hayo manne uzi kwa uzi. Kundi halina mikono. Mikono ni ya watu. Yuko aliyepiga yowe, na alikuwa na haki ya kupiga yowe, kaibiwa. Yuko mvulana aliyenyoosha mguu kijana akaanguka, akachekwa kwa kusifiwa. Yuko fundi wa pikipiki aliyesikia "leteni tairi" akaenda kuchagua tairi, akaiacha ile yenye kashata, akatoa iliyokwisha. Alichagua! Yuko muuza petroli ya chupa. Mandhari yake ni ya sekunde arobaini na ndiyo tuliyoifanyia mazoezi kuliko zote. Mtu anakuja mbio: nipe chupa moja. Anaulizwa, ya pikipiki gani? Anajibu, ya kazi. Muuzaji anampa, anapokea noti, anatafuta chenji kwenye kopo, anahesabu, anarudisha.

Hapo hasira iko wapi? Muuza petroli hana hasira na mtu. Fundi hana. Kila mmoja kafanya kitu kidogo ambacho angekifanya siku yoyote. Na kwa niliyoyaona mimi, hata mbele kabisa, hasira ilikuwa chache. Haraka ilikuwepo, na kicheko kilikuwepo.

Wewe uliyaona wapi?

Nilikuwa darasa la sita. Mji siutaji. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, tuko kwenye foleni ya uji, tukasikia yowe upande wa stendi. Tukaruka uzio. Njiani niliokota jiwe jeupe, la kuenea kiganjani. Sikujua nani kafanya nini. Wengine walikuwa wameokota, nami nikaokota.

Sikulirusha. Msinipongeze: watu wazima walikuwa wamezunguka mbele na sisi watoto hatukupata nafasi. Niliona viatu vya watu tu, na kandambili moja ya bluu isiyo na mtu. Nilirudi na jiwe langu mfukoni mwa kaptula. Jioni mama anafua akalikuta, akauliza la nini. Nikasema la kuchezea.

Kesho yake gwaridani mwalimu wa zamu aliuliza nani walitoka nje ya uzio. Tulichapwa viboko viwili viwili kwa utoro. Habari ya yule mtu hakuna aliyeiuliza, wala shuleni wala nyumbani.

Kijana alikuwa mwizi kweli au hakuwa?

Hili ndilo linaloongoza. Linaulizwa hata kabla hatujamaliza kusoma.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na jibu. Mwishoni pesa za mzee zilikutwa zimedondokea ndani ya bitana la koti lake, mfuko ulikuwa umetoboka. Kijana alikuwa anakimbilia gari tu. Watu waliosikiliza walilia. Nikajiona mwandishi.

Halafu tukaisoma Chang'ombe kijiweni. Walipomaliza kusikitika, dereva mmoja aliyekuwa kimya muda wote, amekaa upande upande juu ya pikipiki yake, akasema: "Kaka, nzuri. Ila sasa mnatufundisha tuwe na uhakika kwanza. Kwa hiyo angekuwa nazo mfukoni, ni sawa?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa kumi na nne. Alikuwa amenionyesha kwamba machozi ya rasimu ile yalikuwa ya bei rahisi: tulilia kwa sababu wamekosea mtu. Hatukulia kwa sababu wameua. Filamu iliyojengwa hivyo, mtazamaji anatoka akiwa amejifunza kupekua mifuko kabla ya kuwasha kiberiti.

Katika rasimu ya sasa hakuna atakayejua, hata mimi. Pesa hazionekani. Kama alikuwa nazo mfukoni, zimeungua naye. Kama hakuwa nazo, hilo nalo limeungua. Mpelelezi anasimama pale penye jivu la tairi na zile nyaya zinazobaki, anaziangalia, na mzee mwenye ng'ombe anamuuliza: "Mwanangu, pesa zangu nitazidai kwa nani?"

Yule dereva tumempa nafasi ndogo ndani ya filamu. Amekataa kusema hata neno moja mbele ya kamera, kwa hiyo anaonekana akiwa amekaa upande upande.

Sheria inasemaje hasa?

Tunaulizwa hili na vijana, wengi wakiamini kwamba mwizi akikamatwa "live" hana haki tena. Nitajibu kwa kirefu kidogo, nivumilieni.

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa. Ruhusa hiyo imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na inaishia palepale kwenye kukamata: unatakiwa umkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kamba huku mnasubiri ni jambo moja, kumpiga hata kofi ni jambo jingine.

Katiba ya 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kuwa anayo. Na Ibara ya 14 inayotaja haki ya kuishi ina jambo ambalo watu hulipita haraka: inasema kila mtu ana haki ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Haikusema kutoka kwa polisi peke yao. Jamii ndiyo wewe na mimi na muuza petroli.

Kuhusu adhabu, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 7. Wizi wa mifugo uzito wake ni mkubwa zaidi, na unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 kwenda juu. Hakuna wizi hata mmoja katika Kanuni ya Adhabu ambao adhabu yake ni kifo. Kuua kwa kukusudia ndiko kwenye adhabu ya kifo. Ni kweli kwamba hukumu ya kunyongwa haijatekelezwa nchini tangu 1994, lakini bado inatolewa, na aliyehukumiwa anakaa gerezani akiisubiri.

Kisha kuna nia ya pamoja, ambayo wasikilizaji wetu wengi hawakuwahi kuisikia. Watu wawili au zaidi wakiungana kufanya jambo ovu, na katika kulifanya kosa likatendeka ambalo lilitarajiwa kutokana na jambo hilo, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Tairi ni la mmoja, petroli ya mwingine, kiberiti cha wa tatu, na mashtaka yanaweza kuwa yaleyale kwa wote: mauaji. Tulipomsomea fundi mmoja wa kweli wa pikipiki sehemu hii, alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama matairi mabovu ni lazima uyaweke nje ya banda.

Na aliyesimama tu akatazama?

Kuwepo tu hakutoshi kumtia mtu hatiani. Kushangilia kwa namna ya kuchochea, kuzuia njia ili mtu asikimbie, kumuonyesha alipojificha, hayo yanaweza kutosha. Mpaka uko wapi hasa? Filamu inakaa juu ya mpaka huo kwa nusu saa nzima, ndiyo sababu ya swali la mama wa uji hapa chini.

Mama wa uji ana kosa gani mpaka mnamtesa hivi?

Huyu ndiye watu wanayempenda, na wananigombeza kwa ajili yake.

Anauza uji wa uwele pembeni ya mnada. Kijana anafika mbio, anaingia chini ya meza yake. Mama haulizi. Anashusha kanga ifunike upande wa mbele, anaendelea kukoroga. Anafanya hivyo kwa muda wa dakika moja, na dakika hiyo tunaiacha yote bila kukata picha. Halafu watu wanafika. Hawamtukani, hawamtishi. Mmoja anamwambia kwa adabu kabisa: "Mama, sogeza sufuria tusije tukakumwagia." Na mama anasogeza sufuria.

Basi. Hilo ndilo alilolifanya. Uji ule ndio ada ya mtoto wake, na asingeweza kuwazuia watu mia tatu. Kila mtu ananiambia hivyo, na nakubali. Lakini yeye mwenyewe katika filamu hakubali. Ndiye shahidi pekee anayekwenda mahakamani kwa miguu yake. Wengine wote wana safari, wana msiba Singida, wana macho mabovu.

Mbona kesi imechukua nusu ya filamu? Inachosha.

Tunajua. Kesi halisi inachosha zaidi.

Kosa la mauaji halina dhamana. Watu watano wanakamatwa, na hapo mji unageuka: jana ilikuwa "tumemfundisha", leo ni "watoto wetu wameonewa". Kesi inaanza kutajwa mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza, na kila baada ya siku kumi na nne ni sentensi ileile, upelelezi haujakamilika. Karandinga linatoka gereza la Isanga, linashusha, linapakia, linarudi. Wake wanakuja na vyakula kwenye hotipoti. Safari hiyo tutaipiga picha mara sita kutoka pembe moja, tukibadilisha tu ukubwa wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Ukifika Mahakama Kuu hatimaye, mtoto anatembea.

Na kule Mahakama Kuu kisu kinakata upande mwingine. Mahakama zetu zina kipimo cha kumtambua mtu kwa macho, kilichokazwa na kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamfahamu kabla au la. Ni kipimo kizuri, kinawaokoa wasio na hatia. Sasa kipeleke mnadani, vumbi limetimka, watu mia tatu wanasukumana. Wakili wa utetezi anasimama mbele ya mama wa uji na kumuuliza maswali hayo moja baada ya jingine, kwa upole, na kila jibu la kweli analolitoa linamfungulia mlango mshtakiwa mmoja. Wale watano wanapewa kila ulinzi ambao kijana hakupewa hata mmoja. Watu wanadhani nimeandika hivyo kulaumu mahakama. Hapana. Nilitaka muone ulinzi huo unavyofanana ukiwa mzima.

Wangapi wanatiwa hatiani? Njooni muone.

Polisi mmewapendelea. (Au: polisi mmewaonea.)

Tunapokea zote mbili, kwa idadi inayokaribiana, kwa hiyo nadhani tumepatia.

Lakini tuongee ukweli. Ukikaa kijiweni ukawauliza watu kwa nini hawampeleki mwizi kituoni, hawakwambii wana hasira. Wanakwambia: tulimpeleka, kesho yake tukakutana naye sokoni. Nilisikia sentensi hiyo Sabasaba, nikaisikia Kongwa, nikaisikia Manyoni, kama wimbo wa shule. Ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kutoelewa dhamana. Mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu ana haki ya dhamana, na akiipata kesi yake bado ipo, hajaachiwa. Hakuna anayewaeleza watu hili. Karani hana muda na mwenye simu kapoteza siku ya kazi. La pili si kutoelewa hata kidogo. Kuna mahali watu wanajua kabisa kilichotokea kati ya jioni na asubuhi, na bei yake wanaijua.

Kwa hiyo kituo cha polisi cha filamu yetu kina askari watatu, pikipiki moja, na siku ya mnada pikipiki haina mafuta. Mkuu wa kituo anapiga simu kuomba gari wilayani. Simu anaipiga kweli, gari linakuja kweli, na linachelewa. Mpelelezi ni mwanamke, mtu wa Kondoa, anaandika maelezo ya mashahidi kwa mkono na anajua anadanganywa katika kila mstari. Hatukumpa bunduki wala hotuba.

Sungusungu wamo?

Wamo kwa dakika chache. Tulifikiria kuwapa zaidi, maana historia yao ni tamu: walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989. Lakini sungusungu wana kiongozi, wana kikao, wana daftari. Ukitaka kuwashtaki unajua pa kuanzia. Kundi la mnadani halina hata hicho. Tukaona tukiwachanganya tutawasaidia watu kukimbia swali.

Mtaonyesha anavyochomwa?

Hapana. Kamera inabaki kwa mama wa uji. Sauti zinasikika, kisha moshi mweusi wa mpira unapita nyuma ya paa la bati. Video za namna hiyo zimejaa kwenye simu za watu, zinatumwa kwenye magrupu ya familia katikati ya salamu za Ijumaa na matangazo ya vikoba. Asiyeguswa na zile hataguswa na yetu, na yetu ingekuwa ya kuigiza.

Watoto wanaweza kutazama?

Daraja la umri linapangwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, hatuwezi kujipangia. Maoni yangu binafsi: mtoto wa darasa la sita, akiwa na mzazi pembeni. Huo ndio umri wa kuokota mawe.

Mmetumia lugha gani?

Kiswahili, cha huku kwetu, na Kigogo pale Kigogo kinapostahili. Kuna mahali kinaamua mambo. Dakika ya tisa kijana anapita kwenye meza ya supu, mzee anamsalimu: "Mbukwa." Kijana anatabasamu na kujibu kwa heshima zote: "Shikamoo, mzee." Ni mtoto mwenye adabu. Lakini vijiko vinasimama kidogo, watu wanatazamana, kisha wanaendelea kunywa. Tangu hapo mnada mzima unajua kuna mgeni. Hatukuweka tafsiri wala muziki wa kutisha. Asiyejua kwamba mbukwa ni salamu ya Wagogo atakuwa mgeni kama yeye, na ni sawa.

Muziki je?

Zeze, na kidogo sana. Watu walitarajia ngoma za muheme kwenye msukumano wa mnadani. Tulijaribu, ikawa nzuri kupita kiasi, miguu ikaanza kugonga chini. Tukaitoa. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka muziki wa Wagogo mpaka ng'ambo kwa furaha, si haki kuukalisha mahali pale.

Mnapiga picha lini?

Baada ya mavuno, mvua zikiwa zimeisha na minada imechangamka, kabla ya pepo za Agosti. Mwaka jana tulijaribu siku mbili za majaribio katika upepo. Kila sauti tuliyorekodi ilikuwa kama mtu anapuliza chupa, na lenzi moja bado ina punje ya mchanga tusiyojua ilivyoingia.

Naweza kuigiza?

Tunahitaji watu mia tatu, kwa hiyo ndiyo. Kuna sharti moja: hakuna mtu wa "kundi tu". Kila atakayekuja atapewa karatasi yenye kazi yake, alikuja mnadani kununua nini, alisimama wapi, alifanya nini kwa mikono yake. Wengine karatasi inasema tu "ulitazama, kisha ukaenda kununua chumvi". Mpaka sasa karatasi hiyo ndiyo inayokataliwa zaidi. Watu wanaomba wabadilishiwe, wapewe hata ya mwenye fimbo.

Tutaiona wapi?

Tunataka ianzie vibanda umiza vya miji midogo, halafu Dodoma mjini. Muda wenyewe tutautangaza ukifika.

Jina la kijana ni nani?

Katika filamu anaitwa "wewe", "dogo", "huyo", kisha "mwizi", kisha "marehemu". Mwili ulikaa mochwari bila jina mpaka siku ya tisa, ndugu zake walipofika. Hapa sitaliandika. Linatajwa mahakamani tu. Mama wa uji kasubiri nje na mashahidi wengine, kwa hiyo hakulisikia hati ya mashtaka iliposomwa. Anaingia, anaapa, na wakili wa serikali anamuuliza kama anamfahamu mtu huyo, anamtaja majina yote matatu. Mama anafikiri kwa bidii, maana ameapa, na anajibu kwamba hamfahamu, hajawahi kumsikia. Wakili anamweleza kwamba ndiye aliyekuwa chini ya meza yake.

Mama anageuka kwa Jaji. "Mheshimiwa, naomba alitaje tena."

Wakili analitaja tena.